Mkandaji wa Jang'ombe na Mafuta ya Makonyo

Bi Mize Ame wa Jang'ombe hakuwahi kusikia maumivu ya mtu akayaheshimu. Ukimwambia mgongo unakuuma, alikutazama kuanzia utosini mpaka nyayoni, kisha akakuuliza, "Umebeba nini?" Ukimjibu hukubeba kitu, alicheka kwa pua, akageuza uso kama aliyenusa kitu kilichochacha. Na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya maumivu ya watu. Alikuwa mkandaji. Wanawake wa mtaani wakishajifungua, yeye ndiye aliyeingia asubuhi na jioni kwa siku arubaini, akawakanda mgongo, nyonga na miguu kwa nguo ya moto, mpaka mwili uliofunguka ukajifunga.

Maji aliyachemsha na majani ya mkaratusi, mchaichai na mwarubaini mpaka nyumba nzima ikanuka. Kanga kukuu iliyokunjwa mara nne ilitiwa humo, ikatolewa ikifuka, ikakamuliwa, ikabandikwa mgongoni mwa mzazi na kukandamizwa kwa kiganja. Kazi yote iko kwenye kukamua. Nguo iliyokamuka sawasawa hutoa joto kavu, na mzazi huhisi kama mfupa wenyewe unapumua. Isiyokamuka huchuruzika maji na kumbabua ngozi. Wakandaji wengine husubiri maji yapoe. Wengine huinyonga nguo kwa vijiti viwili. Bi Mize alikamua kwa mikono mitupu, sufuria ndiyo kwanza imeepuliwa, na aliowaona wanatumia vijiti aliwaita wapika chapati.

Mzazi akipiga kelele, alimwambia, "Nyamaza. Siku ulipoolewa hukulia hivi."

Kukamua huko alifundishwa na mama mkwe wake, alipoletwa mjini kutoka Makunduchi akiwa mwari, kuolewa na fundi seremala mmoja jina lake Usi. Kila alipositasita kutia mkono kwenye maji, yule bibi alimmiminia kata nzima juu ya vidole. Bi Mize aliisimulia hadithi hiyo kwa fahari, na aliyesema "masikini" alipoisikia hakusimuliwa tena kitu. Usi alikufa mapema, mtoto wao mmoja tu, Ulfat, akalelewa kwa ile mikono.

Kwa hiyo alikuwa na haki, alivyoona mwenyewe, ya kuwadharau wote. Jirani yake Mwanapili alivaa soksi ya goti, na Bi Mize akamuuliza kama na kiwiko nacho kitakwenda kununuliwa shati. Waliomeza vidonge kila kichwa kikigonga aliwaita kuku wa kudonoa. Daktari kwake alikuwa kijana aliyevaa koti jeupe ili asichafuke na kazi asiyoifanya. Wauza dawa za miti aliwaweka chini zaidi, chini ya madaktari, kwa sababu daktari angalau hapigi kelele sokoni.

Masika ya mwaka uliopita, vifundo vya vidole vya mkono wake wa kulia vikaanza kuvimba.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na kwa mdomo upi? Asubuhi vidole vilikataa kukunja, akawa anafungua kopo la chumvi kwa meno. Alijitibu kimya kimya, kama mtu anayeficha mimba. Alitia mkono kwenye beseni la maji ya vuguvugu na chumvi mpaka maji yakapoa, kisha akajipaka manjano na tangawizi alizozipika kwenye mafuta ya nazi, akaufunga mkono kwa kitambaa laini. Na dawa ilifanya kazi. Akiupumzisha mkono siku tatu, uvimbe ulishuka na vidole vikakunja. Lakini Bi Mize kupumzika hakujua, na dawa inayotaka mtu apumzike aliiona dawa ya wavivu. Siku ya nne alirudi kwenye sufuria, siku ya tano mkono umevimba tena, na aliyetukanwa ni manjano.

"Mbona vidole vya rangi?" Mwanapili alimuuliza.

"Nnapika. Wewe huko kwako hamli?"

Mambo yangekwenda hivyo hivyo, lau Ulfat asingeshika mimba yake ya kwanza. Ulfat aliolewa Fumba, na kijana mpole jina lake Tahir, kwenye zile nyumba mpya zilizopangwa kama masanduku ya viatu. Mama yake Tahir, Bi Nassra, alikaa nao. Bi Mize alikwenda mara moja akarudi na maneno ya mwezi mzima. Nyumba haina ua. Jiko la mkaa haliruhusiwi. Dirisha likifunguliwa mtu anauliza kuna nini. "Watu wanaishi humo kama dawa kwenye pakiti," alisema.

Bi Nassra alikuwa mtu wa kutuma sauti kwa wasapu. Mimba ilipopindukia miezi minane, ikaja moja, na Bi Mize akaisikiliza simu ikiwa mbali na sikio, kama vile ingemrukia.

"Asalaam aleikum bi mkwe. Nlikuwa nnasema, Ulfat mwache ajifungulie huku na arubaini akae huku huku. Kuna msichana hapa ana cheti cha kukanda, anakuja na mafuta yake na mashine, wala hapana moshi. Nawe bi mkwe umri umekwenda, upumzike."

Bi Mize hakujua kutuma sauti. Alipiga.

"Nani umri umekwenda?"

"Bi mkwe, sikusema kwa ubaya..."

"Mtoto wa kwanza anazaliwa kwa mama. Huko kwenu mnazalia kwa mashine?"

"Mashine ya kukanda tu, bi mkwe."

"Mwanangu atakandwa na mikono hii, siku arubaini, asubuhi na jioni. Na wewe njoo siku ya kwanza utazame. Ukiona mikono imeshindwa, mchukue siku hiyo hiyo, na cherehani yako hiyo sijui mashine."

"Haya," akasema Bi Nassra taratibu. "Umesema mwenyewe. Ntakuja."

Simu ilipokatika, Bi Mize alitaka kuirudisha mfukoni ikamponyoka. Vidole havikuwa vimekunja.

Ndivyo ilivyokuwa. Zilibaki wiki tatu. Mtu mwenye akili angeacha kukanda wiki hizo, akaendelea na chumvi yake na manjano, na uvimbe ungeshuka kama ulivyokuwa ukishuka. Bi Mize alikubali mzazi mwengine Kikwajuni ili isisemwe amekataa kazi. Wiki ya mwisho vifundo vilikuwa vimejaa na kung'aa kama kungu zilizoiva, akaenda sokoni Darajani.

Alikwenda kwa Borafya, muuza dawa mwenye kipaza sauti, ambaye Bi Mize alikuwa akimtukana kila alipopita. Borafya alikuwa na meza ya chupa za plastiki zilizobandikwa karatasi ya rangi ya kijani, na kipaza sauti kilisema kwa sauti yake mwenyewe, bila kupumzika: magoti, kiuno, ganzi, gesi, sukari, presha, nguvu za kiume, mikosi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Zima hicho."

Borafya akakizima.

"Chupa moja inatibu yote hayo?"

"Yote, bibi. Asilia tupu."

"Na hilo jicho lako linalochuruzika, umelitia hiyo chupa?"

Watu wawili watatu wakacheka. Borafya naye akacheka, maana alishazoea, akaipangusa meza. "Bibi una shida gani? Nambie kweli."

"Sina shida. Kuna mtu kanituma. Anataka mafuta ya makonyo, safi, si haya mnayoyachanganya na mafuta ya kupikia."

Hayo yalikuwepo kweli, kwenye kichupa kidogo cha kioo cheusi, mafuta yanayokamuliwa kwenye vikonyo vya karafuu. Borafya akakifungua, harufu ikampiga Bi Mize mpaka kooni, na kwa mara ya kwanza akamtazama yule kijana bila ya kumbetulia mdomo.

"Ila mwambie huyo mtu," Borafya alisema, na safari hii hakuwa akiuza, "haya hayapakwi hivi hivi. Matone mawili matatu kwenye kijiko cha mafuta ya nazi. Na asifunike. Yanaunguza haya."

"Unanfundisha mie?"

"Nnakwambia umwambie yeye."

"Kijana, mie nilikuwa nachezea maji ya moto wewe hujazaliwa. Kauze mikosi."

Kama neno hilo lingetoka kwa mtu mwengine, pengine lingemkaa. Bi Mize mwenyewe alikuwa akiwaambia wazazi kwamba mafuta ya makonyo ni makali na mtoto asiguswe nayo. Lakini kusikia ushauri wa sawa kwenye mdomo uliotoka kutangaza nguvu za kiume kulimfanya auone ushauri wenyewe umechafuka. Mchanganyiko wa nazi ulikuwa wa watu wa soksi za magoti. Yeye kwake dawa ilikuwa ile inayosikika.

Asubuhi ya Ijumaa, baada ya chai, alijimiminia mafuta matupu juu ya vifundo mpaka yakachuruzika kwenye kiganja. Akalipasha jani la mbono juu ya makaa mpaka likalegea, akalifunikia, akazungusha kitambaa na kukaza fundo kwa meno. Hapo ndipo alipokosea mara mbili, kwani mafuta yale yakifunikwa na joto hayana pa kwenda ila chini ya ngozi. Mkono ukaanza kuwaka. Bi Mize akafurahi. Uliwaka akiwa anachambua mchele, ukawaka akiwa anafagia, na kila ulivyozidi ndivyo alivyozidi kuisifu dawa kwa sauti, peke yake jikoni. "Eenhe. Hii ndiyo dawa. Si yale manjano."

Wanaume walipokuwa wanarudi kutoka msikitini, akaona machozi yanamtoka bila ya yeye kulia. Akafungua. Jani liliondoka na kipande cha ngozi. Chini yake mgongo wa mkono ulikuwa mwekundu kama nyama ya buchani, na malengelenge yamepanda, moja juu ya kila kifundo, yamejaa maji.

Aliuosha. Aliuosha kwa maji ya bomba muda mrefu, na hilo alilifanya vyema, ingawa alilifanya kwa sababu hakuweza kuvumilia kingine. Kisha akaketi kwenye kigoda akautazama ule mkono kama alivyokuwa akiwatazama wazazi waliopiga kelele. Hapakuwa na mtu wa kumtukana.

Jumamosi alfajiri Tahir akapiga simu. Ulfat kajifungua salama hospitali, mtoto wa kike, kabla ya siku zake kidogo, na mchana wataletwa Jang'ombe. "Mama naye anakuja," akasema. "Mlikubaliana."

Walifika baada ya adhuhuri. Ulfat alishuka garini akitembea kama aliyekanyaga miba, mkono mmoja kiunoni, na nyuma yake Bi Nassra na mtoto kwenye taulo na begi kubwa la plastiki. Bi Nassra alikuwa mwanamke mfupi wa kimya, mwenye miwani, aina ya watu ambao Bi Mize hakujua awashike wapi ili awadharau vizuri, basi aliwadharau kwa jumla.

"Karibu mkwe. Umekuja kutazama?"

"Nimekuja kumleta mwanangu. Kutazama nako ntatazama."

Bi Mize alikuwa amejifunga mkono kwa upande wa kanga mpaka kwenye vidole, na aliutembeza nyuma ya mgongo. Maji yalikuwa tayari jikoni. Mkeka umetandikwa, Ulfat kalazwa ubavu, mgongo wazi. Mtoto kalala. Bi Nassra akaketi kwenye kigoda mlangoni, mikono mapajani, kama shahidi.

Sufuria ikaletwa. Bi Mize akatia nguo kwa mkono wa kushoto, akaitoa, ikafuka. Akaishika ncha moja kwa kushoto. Ncha ya pili haikuwa na wa kuishika. Akaikaza chini ya kwapa, akazungusha, maji yakamwagika kwenye mkeka, na nguo ikabaki nzito, inachuruzika. Alijua haijakamuka. Angeliona kwa mwengine, angeitupa nje pamoja na aliyeikamua. Akaibandika.

Ulfat akaruka kama samaki. "Mama! Mama inachoma!"

"Nya..." Bi Mize akaanza, na neno likakwama hapo hapo. Kwenye mgongo wa mwanawe pamesimama alama nyekundu ya upana wa kiganja.

Akaitwaa nguo akairudisha kwenye sufuria. Safari hii aliufungua upande wa kanga, akautia ule mkono wa kulia. Mvuke tu, kabla ya maji, ulitosha. Ukelele alioupiga, Mwanapili aliusikia akiwa nyumba ya tatu, na baadaye aliapa alidhani ni Ulfat anazaa tena.

Ulfat alikuwa amegeuka. Aliuona mkono. "Mama, hiyo nini?"

"Dawa."

"Dawa gani inakufanya hivyo?"

"Ya makonyo. Lala."

Bi Nassra aliinuka. Hakusema "nlikwambia", na hilo lilimuudhi Bi Mize kuliko kama angesema. Alifungua begi lake, akatoa glavu za mpira za jikoni, zile ndefu nyekundu, akazivaa mpaka kwenye viwiko.

"Hizo za nini?" Bi Mize aliuliza.

"Maji ya moto."

"Unamkanda mzazi au unasugua choo?"

"Nnasugulia na choo pia. Hizi mpya."

Bi Nassra akaizamisha mikono yote miwili kwenye maji bila hata kukunja uso, akaitoa nguo, akainyonga mara moja, mara mbili, mara tatu. Aliinyonga vibaya, kutoka katikati, kama anakamua shuka la kufua. Bi Mize alitaka kulia kwa ubaya wa ule unyongaji. Lakini tone la mwisho lilidondoka, na halikufuata jengine. Akaibandika mgongoni kwa Ulfat, akaikandamiza.

Ulfat akatoa pumzi ndefu. Mabega yakashuka.

"Papo," akasema. "Hapo hapo, mama wa Fumba. Usitoe."

"Chini kidogo," Bi Mize akasema. "Kwenye nyonga. Si hapo. Wewe unakanda figo. Chini! Kandamiza kwa kisigino cha mkono, si kwa vidole, vidole vya nini, unapiga piano?"

Bi Nassra akashuka chini. Alifanya alivyoambiwa, vibaya, kisha chini ya vibaya, kisha ikawa si vibaya sana. Nguo ya sita Ulfat alikuwa amelala, mdomo wazi, na mtoto kando yake.

Wakakaa wale wanawake wawili wakitazamana juu ya sufuria.

"Tulikubaliana," Bi Mize akasema. Alisema mwenyewe, kwa sababu hakutaka aambiwe. "Mikono ikishindwa, unamchukua leo."

Bi Nassra alivua glavu, moja, kisha ya pili, akazigeuza zikauke. "Nimchukue nimpeleke wapi, na alivyolala hivi? Na nyumba yetu haina pa kuchemshia. Wamekataza makaa." Akaivuta miwani juu. "Yule msichana wa cheti nshampigia mara mbili, simu haipokei. Mie ntakuwa nnakuja asubuhi. Wewe unseme."

"Ntakusema nini?"

"Hivyo hivyo unavyonsema."

Jioni ile Bi Nassra alimpeleka zahanati, na Bi Mize akakaa kwenye foleni kama kuku wa kudonoa. Kijana wa koti jeupe akamsafisha, akamfunga bandeji, akamwambia asiyapasue malengelenge, asipake dawa ya meno wala samli, na mafuta ya karafuu matupu asiyaguse tena. Kuhusu vifundo, akamuuliza anavitibu na nini nyumbani. Bi Mize akamtajia maji ya vuguvugu na chumvi, manjano na tangawizi, kwa sauti ya mtu anayetaja aibu ya ukoo.

"Na vinashuka?"

"Nikikaa, vinashuka."

"Basi bibi, shida si dawa. Kaa. Na lengelenge likipona, rudi tukupime, huo uvimbe wa mwaka mzima si wa kupuuza."

"Umesikia?" Bi Nassra akasema nje.

"Nimesikia. Mtoto yule hajaota ndevu."

Siku zikaenda. Kila asubuhi Bi Nassra alishuka kutoka Fumba na begi lake, akavaa glavu, akatukanwa, akakamua. Kila jioni akarudia. Bi Mize alikaa kwenye kigoda, mkono mapajani, na kwa vile mkono ulikaa, vifundo navyo vikaanza kushuka, jambo ambalo lilimkera asilitaje. Siku ya ishirini na kitu, Ulfat anatembea sawa na mtoto ananenepa mashavu, Mwanapili akaingia na soksi yake ya goti. Mwanawe wa pili alikuwa karibu kujifungua.

"Bi Mize, nimekuja kuweka zamu. Ila..." Akautazama ule mkono, kisha akamtazama Bi Nassra anayenyonga nguo. "Sijui nimwambie nani, wewe au yule."

Ulfat akajifanya anamfunika mtoto.

"Mchukue huyo," Bi Mize akasema. "Anakamua kama anamnyonga paka, lakini anakamua."

"Mie siwezi," Bi Nassra akasema bila ya kugeuka. "N'na nyumba yangu Fumba. Hapa nimekuja kwa mjukuu."

"Basi utakuja wewe, Bi Mize?" Mwanapili akauliza.

Bi Mize aliuinua mkono wa kulia. Ngozi mpya ilikuwa imeshika, nyembamba, ya rangi ya waridi, na vidole vilikunja, vikafika nusu. Akavitazama kama alivyomtazama Borafya alipokifungua kichupa, bila ya dharau.

"Hivi havina kazi tena," akasema. "Maji ya moto siyawezi. Mtafute msichana mwenye mikono, nyumba yoyote, hata awe mpumbavu, awe na mikono tu. Mie ntakaa pale nimfundishe. Ntakuja na mdomo."

"Huo tunaujua," Mwanapili akasema.